Nyimbo Zilizokosa Majina

Aliyekulia kwenye simu ataona ajabu akiambiwa kwamba kutoa wimbo kwenye CD na kuuweka ndani ya kompyuta kuliwahi kuwa ufundi. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, hapa Unguja, ulikuwa ufundi kweli, na watu waliulia ugali. Ukitia CD ya muziki kwenye kompyuta yenye Windows, nyimbo zote ulikuwa ukiziona zimejipanga kwenye kioo: Track01.cda, Track02.cda, mpaka mwisho. Ukizikopi, zinaingia kwenye diski kufumba na kufumbua. Ukishaitoa CD, zote bubu. Na aliyetazama ukubwa wake alizidi kushangaa: kila faili lilikuwa na baiti 44, uwe wimbo wa dakika tatu au taarab ya robo saa.

Maelezo niliyapata kwa kaka mmoja aliyekuwa na duka la kompyuta Darajani, nilikokuwa nikishinda baada ya masomo. "Mdogo wangu," aliniambia, "humo ndani hamna faili hata moja." Ndivyo ilivyo. CD ya muziki ilibuniwa na Philips na Sony ikaanza kuuzwa Japani mwaka 1982, na waliyemfikiria ni msikilizaji mwenye redio kubwa sebuleni, si mtu wa kompyuta. Sauti imeandikwa kwenye mstari mmoja mrefu unaozunguka kutoka katikati kwenda ukingoni. Mwanzoni mwa mstari pana orodha fupi inayosema kila wimbo unaanzia dakika ya ngapi, sekunde ya ngapi, na sehemu ya ngapi kati ya 75 za sekunde hiyo. Windows iliionyesha orodha hiyo kwa sura ya mafaili, basi. Kukopi .cda ilikuwa sawa na kuchukua ufunguo ukaiacha nyumba.

Njia ya kwanza niliyoikuta dukani ilirithi mwendo wa kanda. Waya mwembamba ulitoka nyuma ya deki ya CD hadi kwenye kadi ya sauti. Unaucheza wimbo huku programu nyingine ikirekodi, na kazi ya saa moja inachukua saa moja. Mvumo wa umeme uliingia humohumo. Windows ikitoa mlio wake wa onyo, mlio huo nao ulirekodiwa, ukabaki katikati ya qanuni.

Baadaye zikaja programu zinazosoma tarakimu zenyewe moja kwa moja. Sauti ya CD ni vipimo 44,100 kwa kila sekunde, kila kimoja biti 16, kwa upande wa kushoto na wa kulia. Ukipiga hesabu unapata kama megabaiti 10 kwa dakika. Diski ya kompyuta ile ilikuwa ya gigabaiti 20, kwa hiyo CD thelathini na kitu zingeijaza pomoni. Hapo ndipo MP3 ilipotufaa. Mfumo huo, uliotokana kwa sehemu kubwa na kazi ya watafiti wa Fraunhofer kule Ujerumani, huacha yale ambayo sikio haliyatambui kwa urahisi. Kwa kilobiti 128 kwa sekunde, dakika moja ya muziki ikashuka hadi karibu megabaiti moja. Kwa nyimbo nyingi haikuwa na neno. Taarab ilidai zaidi. Fidla zikipanda kwa pamoja na akodiani, sauti za juu zilikuwa zikichuja na kulegea. Kaka akapandisha hadi 192, na wateja wakanung'unika kwamba nyimbo zinazoenea ni chache.

Mikwaruzo ilikuwa na kisa chake. Sehemu moja ya CD ina baiti 2,352. Kwenye CD ya data, 2,048 tu ndizo hubeba mzigo na nyingi ya zilizobaki ni kinga ya ziada dhidi ya makosa. Kwenye CD ya muziki zote ni sauti. Kinga ipo, lakini ni ndogo zaidi, na pengo likizidi, deki hukisia sauti iliyopotea. Sikio husamehe. Faili linabaki na kasoro yake daima. Tukapata programu ya Exact Audio Copy, ya Mjerumani Andre Wiethoff, ambayo husoma kila kipande zaidi ya mara moja, ikalinganisha, na isiporidhika ikarudia tena na tena. CD iliyochakaa ungeweza kuiacha ukaenda kuswali, ukarudi ukala, nayo bado imeng'ang'ania wimbo uleule. Kabla ya hapo kaka aliifuta kwa kitambaa laini kutoka katikati kwenda nje, kamwe si kwa kuzungusha, maana mkwaruzo unaofuata mstari wa sauti unaharibu zaidi kuliko unaoukata.

Yote hayo yalikuwa mambo ya mashine, na mashine ina dawa yake. Kilichotutoa jasho ni majina.

CD nyingi za muziki hazina ndani yake jina la wimbo wala la mwimbaji. Programu hutazama urefu wa nyimbo na mpangilio wake, ikatengeneza namba, ikaenda kuiulizia kwenye hazina iliyo kwenye intaneti. Ya kwanza kuvuma ilikuwa CDDB, iliyojazwa na wasikilizaji wenyewe kwa kuchapa majina bila malipo. Ilipogeuzwa biashara wengi walikasirika, ikazaliwa freedb, iliyofungwa mwaka 2020. CD ya Marekani ilipata majina yake yote mara tu simu ya intaneti iliposhika. CD ya taarab iliyochomwa mjini ilirudi mikono mitupu: Track 01, Unknown Artist. Hata zile za mfululizo wa Zanzibara, zilizoanza kutolewa Ufaransa na Buda Musique mwaka 2005, sikuziamini mpaka nilinganishe na kijitabu chake.

Basi tukawa tunauliza watu. Namkumbuka mama mmoja aliyeleta CD isiyo na jalada, aliyopewa na nduguye wa Muscat. Nilimchezea wimbo wa kwanza, nikamuuliza jina. Hakunijibu. Alisubiri kibwagizo, akaimba nacho, ndipo akasema: "Andika, mwanangu, lakini usiandike jina la huyu anayeimba peke yake. Andika na kikundi, na andika kwamba alouimba mwanzo ni mwengine." Programu ilikuwa na nafasi moja tu ya msanii. Niliyabana yote humo.

Wengi hawakuwa na muda huo, wala mwenye duka hakulipwa kwa majina. Zilipokuja simu zenye memori kadi, vibanda vya kurusha nyimbo vikachipuka kila mtaa, na folda zilezile zikahama kutoka kompyuta hadi kompyuta. Zanzibar ilikuwa na sheria yake ya hakimiliki tangu 2003, lakini faili lisilo na jina la mwenyewe utamlipa nani? Mwanamuziki alikosa senti, kisha akakosa hata kutajwa. Mkongo wa baharini ulipofika Afrika Mashariki mwaka 2009, Track 01 nyingi zikapanda mtandaoni zikiwa hivyohivyo, au zikiwa na jina la kubahatisha.

Sasa kompyuta mpakato nyingi zinauzwa bila deki, na CD za kuchoma, ambazo hutegemea rangi maalumu kuhifadhi data, huharibika mapema kuliko zile zilizopigwa chapa kiwandani. Bado deki za nje za kuchomeka kwa USB zinapatikana kwa bei ya kawaida, na diski hazina uhaba tena, kwa hiyo hakuna sababu ya kubana sauti: FLAC hupunguza ukubwa bila kupoteza kitu. Mwenye CD za zamani nyumbani azitoe mwaka huu, na asianze na deki. Aanze kwa kukaa na wazee, aandike nani anaimba, nani anapiga udi, kikundi gani, shairi la nani. Deki itapatikana hata mwakani.