Goma Ilipoanguka Mara ya Pili

Ujiji, Kigoma

Mpwa wangu mpendwa,

Insha yako kuhusu Kongo niliipata nikaisoma mara mbili. Umeandika vizuri, ila kuna sentensi moja imeninyima usingizi, pale uliposema Wakongo wameshindwa kujitawala.

Mwanangu, lini waliachwa wajitawale? Mei 1960 walipiga kura, chama cha Lumumba kikapata viti vingi kuliko chama kingine chochote, na Juni 30 bendera ya uhuru ikapanda. Mwaka haukuisha. Januari 17, 1961, Lumumba, aliyekuwa waziri mkuu, alipigwa risasi Katanga, maofisa wa Kibelgiji wakiwapo. Bunge la Ubelgiji lenyewe liliunda tume, na mwaka 2001 tume hiyo ikakiri kwamba baadhi ya mawaziri wao wa wakati ule wana dhamana ya kimaadili kwa kifo kile. Mwili uliyeyushwa kwa tindikali. Mwaka 2022 familia ilirudishiwa jino moja, na hilo ndilo walilozika.

Mobutu je? Alitwaa nchi 1965, akaikalia hadi 1997. Ikulu ya Washington ilimkaribisha tangu enzi za Kennedy mpaka za Bush baba, kwa kuwa alikuwa upande wao dhidi ya Wasovieti. Mikopo na misaada viliendelea kumiminika hata baada ya kila mtu kujua vinaishia mfukoni mwa nani. Kizazi kizima kilizeeka bila kupata nafasi ya kumwondoa kiongozi kwa kura, halafu leo tunakiuliza mbona hakijazoea demokrasia.

Siwatetei wakubwa wao. Wameiba, na askari wao wamewapora raia waliopaswa kuwalinda. Hilo liache katika insha yako. Lakini usilisimamishe peke yake.

Mwaka 1996 nilikuwa kibarua pale bandarini Kigoma. Boti zilikuja usiku kutoka Baraka na Uvira, upande wa Kongo, zimejaa watu wanaokimbia vita, hadi maji yanakaribia ukingo. Nilimshika mkono mama mmoja nimsaidie kushuka. Hakuwa na sufuria wala godoro. Katika pindo la kitenge alikuwa amefunga maharage, kama vikombe viwili hivi. Nilidhani ni chakula cha njiani. Akaniambia, "Hii ni mbegu, baba. Msimu ulikuwa umefika."

Tangu siku ile sikubali mtu aniambie njaa ya Kivu ni mkosi. Udongo wa Masisi na Rutshuru ni wa volkano, mvua ipo, na maharage na viazi vya huko vimelisha miji mingi. Njaa inakuja kwa sababu mkulima anakimbia kabla ya kupanda, akirudi anakimbia tena kabla ya kuvuna. Mwaka 2024 Umoja wa Mataifa ulihesabu zaidi ya watu milioni 25 wenye njaa kali nchini Kongo.

Sasa sikiliza jambo ambalo nataka ulichunguze kwa makini. Novemba 2012 waasi wa M23 waliuteka mji wa Goma, huko Kivu. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa waliandika kwamba Rwanda inawasaidia, Rwanda ikakanusha. Safari ile Marekani, Uingereza, Uholanzi na Ujerumani zilizuia sehemu ya misaada yao kwa Kigali. Baraza la Usalama likaunda brigedi ya kupigana, na ndani yake walikuwamo vijana wetu wa JWTZ pamoja na wa Afrika Kusini na Malawi, chini ya jenerali Mtanzania. Wengine walirudi kwenye majeneza. Novemba 2013 M23 ikashindwa. Mwaka mmoja tu.

Linganisha na awamu hii. M23 ilianza tena mwishoni mwa 2021. Februari 2024, watu wakiikimbia Masisi, Umoja wa Ulaya ulitia saini na Rwanda makubaliano ya madini. Januari 2025 Goma ikaanguka mikononi mwa M23 mara ya pili, Februari ikafuata Bukavu. Marekani ilimwekea vikwazo waziri wa Rwanda, James Kabarebe, Februari 20, miji yote miwili ikiwa imekwishatekwa. Na Januari hiyohiyo Washington ilisimamisha misaada yake ya nje, nayo ndiyo iliyokuwa mchangiaji mkubwa kuliko wote wa misaada ya kibinadamu nchini Kongo. Mtu akapigwa mabomu, na unga aliokuwa akiutegemea ukazuiwa, ndani ya mwezi mmoja.

Kwa hiyo wakubwa wa dunia walikuwa na uwezo wa kuzuia. Mara ya kwanza waliamua kuutumia; mara ya pili walichelewa, nami naamini madini yana mkono wake hapo.

Ile sentensi, tafadhali, ifute kabla hujakabidhi insha kwa mhadhiri wako. Kisha ukija likizo twende kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu. Yule mama wa maharage bado yuko kambini, na wajukuu zake wamezaliwa humo. Nimemwambia utakuja kumsikiliza.

Mjomba wako