Zenji siku ngapi? Kamuulize shangazi wa Michenzani

Mpenzi msomaji, wapo vijana wengi hapa Dar ambao Zanzibar wameigeuza kama Kariakoo. Mtu anapanda boti ya saa 1 asubuhi, saa 3 yuko bandarini Malindi, anapiga picha mbili tatu za milango ya Mji Mkongwe, anatafuna pweza, saa 10 jioni amesharudi kwenye boti. Usiku yuko Sinza na washikaji, kifua mbele: "Zenji? Zenji nimeimaliza!"

Msinicheke. Mimi mwenyewe nilikuwa kwenye kundi hilo. Mara nne nimevuka maji na mara zote nne nikarudi siku hiyo hiyo. Kila nikienda nampitia shangazi yangu anayekaa kwenye majumba ya Michenzani, namkabidhi kilo mbili za sukari, nakunywa chai ya kusimama, natoka mbio. Huyo shangazi ndiye aliyenilipia ada ya sekondari kidato cha kwanza hadi cha nne, kwa biashara yake ya khanga. Sasa pimeni wenyewe.

Safari ya tano nilikwenda na mchumba. Ilikuwa Ijumaa. Mpango wangu ulikuwa ule ule wa siku zote: tunamsalimia shangazi nusu saa, bibie anaonekana, tunaingia Mji Mkongwe, jioni tunarudi. Kulala hoteli nilishakataa mapema. Nilipouliza bei ya chumba kimoja karibu na Forodhani kwa usiku mmoja, nikaona hiyo ni kodi ya chumba changu cha Mabibo mwezi mzima, na bado jamaa wa mapokezi anasema hapo amenipunguzia.

Basi tukapanda ngazi. Kwa ambaye hajafika Michenzani, yale majengo ni marefu ajabu, yamelala kando ya barabara kama behewa za treni zilizosahaulika stesheni. La shangazi halina lifti. Yeye yuko ghorofa ya tano. Mchumba wangu alivaa viatu vya kisigino, nikamwona anavivua ghorofa ya pili bila kusema neno.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba wanangu. Mumekuja lini?"

"Leo asubuhi."

"Na munaondoka lini?"

"Leo leo shangazi, boti ya saa 10."

Alikuwa ameshaweka vikombe mezani. Akanyanyuka, akavikusanya vyote, akarudi jikoni. Tukasikia anakoroga kitu. Akatoka na chupa ya plastiki.

"Hii chai nakutilieni kwenye chupa, muende nayo. Mtakunywa njiani, musije mkachelewa boti."

Lahaula! Nilitamani sakafu ipasuke. Mchumba wangu, ambaye nilidhani ni mtu wa haya, akaniwahi. "Shangazi, huyu anakutania. Tupo mpaka Jumapili." Vikombe vikarudi mezani. Tiketi za kurudi nilikwenda kuzibadilisha mchana huo huo, na kulala tukapangiwa kama ifuatavyo: bibie chumbani kwa shangazi, mimi sebuleni kwenye godoro na binamu yangu ambaye anakoroma kama jenereta. Mtu mwenye mawazo ya fungate ameshaelewa.

Kwa hiyo Ijumaa ikawa siku ya Mji Mkongwe, na hapa niwape ushauri wa bure. Ukitaka kuuona mji ule, Ijumaa mchana usitie mguu ukitegemea maduka. Watu wako msikitini, milango imefungwa, na wewe utazunguka kwenye vichochoro peke yako na paka. Kwa kutembea tu, wala si mahali pakubwa. Eneo lote ambalo UNESCO walilitia kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000 ni hekta 96, mwenye miguu mizuri analikata upande hadi upande kabla jasho halijamtoka. Ndiyo maana watu wanadanganyika kwamba siku moja inatosha. Inatosha kuupita.

Tulianzia Mkunazini, kanisa la Anglikana lililojengwa pale palipokuwa na soko la watumwa, ambalo lilifungwa mwaka 1873. Nje kuna yale masanamu ya watu waliofungwa minyororo shingoni, wamesimama ndani ya shimo, kazi ya msanii Clara Sörnäs ya mwaka 1998. Nilishayapita mara mbili huko nyuma nikiwa nakimbilia boti, na picha ninayo. Safari hii mchumba wangu alikaa pembeni ya shimo karibu nusu saa bila kusema kitu. Nikaangalia saa kwa mazoea, nikakumbuka kwamba sina haraka. Ukisikia starehe ya kulala Zanzibar, hiyo ni mojawapo: unaweza kukaa.

Beit al Ajaib, jumba alilojenga Sultani Barghash mwaka 1883, tulilitazama kwa nje. Sehemu yake ilianguka Desemba 25, 2020, ikaua watu wawili. Nilijisikia vibaya, maana enzi likiwa wazi nilikuwa napita mbele yake na kusema "nitaingia siku nyingine." Ngome Kongwe ipo jirani. Usiku tukashuka Forodhani kula. Zanzibar pizza nzuri, ila pale kila mpishi anakuita rafiki, na bei ya rafiki ni kubwa kuliko ya adui. Tukala kidogo, tukarudi Michenzani kwa miguu, tukakuta shangazi ametuwekea wali.

Jumamosi ndiyo siku niliyoijua Michenzani, na ningeiomba serikali ya mwili wangu inisamehe kwa kuipita miaka yote.

Chini ya jengo la shangazi kuna mzee mmoja anayekaa kwenye kiti cha plastiki karibu na duka la vocha. Shangazi akamwambia, "Ami, hebu wachukue hawa uwaoneshe. Wao wanadhani Zanzibar ni Shangani peke yake." Mzee akacheka, akachukua bakora yake.

Alitupeleka kwanza barabarani Darajani. Akasimama katikati ya zogo la magari, akatuuliza, kwa nini panaitwa Darajani na daraja halipo? Tukakosa. Akasema zamani pale palikuwa na mkono wa bahari ulioingia ndani, ng'ambo moja mawe, ng'ambo ya pili udongo na makuti. Daraja lilivuka hapo. Mkono ule ulifukiwa kidogo kidogo, mpaka kufika miaka ya 1950 ukawa umekwisha, lakini upande wa huku watu hawakuacha kuuita Ng'ambo. "Nyie mnalala Ng'ambo," akasema, "na mnaingia mjini kutembea. Kama sie zamani."

Tukarudi taratibu hadi kwenye mzunguko wa Michenzani, zinapokatana zile barabara mbili pana. Baada ya Mapinduzi ya Januari 12, 1964, Wajerumani Mashariki walikuwa marafiki wakubwa wa Zanzibar, wakaleta wataalamu, na mwaka 1968 ikachorwa ramani mpya ya Ng'ambo. Mzee Karume alitaka watu wa vibanda wakae kwenye fleti zenye umeme na maji ya bomba. Yeye mwenyewe aliuawa Aprili 7, 1972, ujenzi ukaendelea. Hayo unaweza kuyasoma popote. Ambayo huyasomi ni haya ya mzee.

"Nyumba yetu ilikuwa hapa," akasema, akaelekeza bakora kwenye lami, bodaboda zinapita juu yake. "Chumba cha mama hapa. Hapa mkungu. Walikuja na chokaa wakatia alama, tukahama. Halafu mie mwenyewe, kijana wa miaka kumi na nane, nikaja kujitolea kujenga. Nimebeba matofali ya nyumba zile kwa mabega haya."

Mchumba wangu akamuuliza kama iliwauma.

"Mama ililimuuma. Hakuzowea ngazi, akisema hawezi kuishi juu kama kunguru. Mie nilifurahi. Tulipewa fleti, ukiwasha taa usiku unaiona Zanzibar nzima! Kijana gani hataki?" Akanyamaza kidogo. "Mkungu ule ndio nnaoukumbuka."

Sasa, mpenzi msomaji, katika safari zangu zile za kwenda na kurudi ningempata wapi mzee huyu? Asubuhi huwa amelala. Anatoka saa 10 jioni baada ya sala, saa ile ile boti inapong'oa nanga.

Jioni Michenzani inachangamka kuliko Mji Mkongwe wenyewe. Maduka ya chini yanawaka taa, vijana wamejaa kandokando ya Mnara wa Kumbukumbu wa miaka 50 ya Mapinduzi, wengine wanaingia Michenzani Mall kupata kiyoyozi cha bure, na wazee wa maskani ya Kisonge wanachambua siasa na soka kwa sauti moja. Tulikula urojo kwa mama mmoja chini ya ngazi: kachori, bajia, viazi, mishikaki, chipsi za muhogo juu, na ule uji wa njano wenye ukali wa embe. Bakuli mbili, na chenji ikarudi. Hakuniita rafiki, aliniita "we kijana."

Waswahili wanasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Michenzani hakuna shamba, shangazi alinipa ndoo. Jumapili alfajiri maji hayakupanda juu, na mimi niliyekuwa nimepanga kupanda daladala namba 116 kwenda kuogelea Nungwi nikajikuta nashuka na madumu mawili ya lita 20. Ghorofa tano, safari sita. Safari ya tatu nilikuwa naulaani mji wote, Barghash na Wajerumani kwa pamoja. Safari ya sita majirani walishanijua. "Huyu ndiye mtoto wa kaka yake Bi fulani, anayekujaga na sukari." Mmoja akanipa maji ya kunywa, mwingine akanicheka viatu.

Shangazi na mchumba wangu hawakuwepo. Walikwenda sokoni Darajani tangu saa 1 na hawakurudi hadi saa 5. Nikauliza walikuwa wapi, nikajibiwa "sokoni." Nikauliza wamezungumza nini, nikajibiwa "bei ya samaki." Lakini bibie alikuwa na mfuko mpya, na ndani niliona doti ya khanga, na macho yake yalikuwa mekundu kidogo kama mtu aliyelia au aliyekata vitunguu. Mpaka leo sijaambiwa.

Boti ya Jumapili jioni ikaondoka bila sisi. Nilimpigia bosi wangu simu nikiwa roshani, nikamwambia nina dharura ya kifamilia. Kwa mara ya kwanza haikuwa uongo.

Haya, mnaotaka hesabu. Kama huna mtu unayemjua na lengo lako ni majumba na historia, lala usiku mbili, na siku moja kati ya hizo iwe ya kazi ili ukute milango wazi. Bahari iwekee siku yake peke yake, hasa ukielekea Paje au Jambiani, kwa sababu maji yakitoka kule yanakwenda mbali, utabaki unatembea mchangani na wakulima wa mwani. Mashamba ya viungo na kima punju wa Jozani wanaweza kugawana siku moja ukiamka mapema. Ukienda mwezi wa Ramadhani, mchana usitafute chakula barabarani, na usiku usilale, maana ndipo mji unapoamka. Februari kuna Sauti za Busara, vyumba vinagombaniwa, weka nafasi mapema au uwe na shangazi.

Na kama una shangazi, hesabu hiyo itupe. Muulize yeye.

Jumatatu asubuhi alitusindikiza hadi chini, kitu ambacho mzee wa kiti cha plastiki, aliyeamka mapema kwa ajili yetu, alisema hajakiona muda mrefu, kwa sababu magoti yake hayapendi ngazi. Mchumba wangu akamkumbatia. "Shangazi, tukishaoana tutakuja tukae wiki nzima."

Shangazi akanitazama mimi.

"Wiki nzima si mgeni huyo. Nitamnunulia madumu yake mwenyewe, nimuandike jina."