Mbio za Akhwari Hazikuishia Mexico

Sisi tuliozaliwa Bashay tukaja mjini kutafuta kazi tumezoea kuulizwa swali moja kila tutajapo Mbulu: "Kwenu ndiko kwa yule mkimbiaji aliyechechemea Mexico?" Hujibu ndiyo, na mazungumzo yakakomea hapo. Hivyo ndivyo John Stephen Akhwari, mwana wa Mbulu, alivyofanywa kuwa mtu wa jioni moja tu.

Jioni yenyewe ni ya tarehe 20 Oktoba, 1968. Jiji la Mexico liko juu ya usawa wa bahari kwa zaidi ya meta 2,200, na hewa yake nyepesi ilimkaza misuli. Walipofika kama kilometa ya 19, wakimbiaji wakigombea nafasi, Akhwari alianguka; goti likateguka na kuchanika, bega nalo likaumia. Alifungwa bendeji akaendelea. Mamo Wolde wa Ethiopia alikuwa ameshinda kwa saa 2:20:26. Akhwari aliingia uwanjani giza limekwisha kutanda, kwa saa 3:25:27, na watazamaji wengi walikuwa wamekwenda zao. Alipoulizwa kwa nini hakuacha, alijibu kwamba nchi yake haikumtuma mbali kiasi kile ili aanze mbio, bali azimalize.

Jibu hilo limezunguka dunia nzima, nami nalipenda. Lakini mwaka jana mwanangu wa darasa la sita alirudi shuleni na kuniuliza: "Baba, kwa nini watu wa kwenu mnasifiwa kwa kuwa wa mwisho?" Mama yake alimkemea. Mimi sikumkemea, kwa sababu swali lilikuwa la haki. Mtoto anayeambiwa daima habari ya goti lililofungwa bendeji, asiambiwe kazi ya miguu ile ilipokuwa mizima, atajengaje picha ya mwanamichezo? Ataona huruma tu, na huruma si heshima.

Kwanza nilimwambia kwamba "wa mwisho" ni neno la kutumiwa kwa uangalifu. Walioanza mbio zile walikuwa 75, waliomaliza 57. Wengine 18 hawakufika kabisa, na baadhi yao hawakuwa na jeraha kama lake.

Kisha nikamsimulia habari ya Edinburgh, ambayo wasimulizi wengi huiruka. Mwezi Julai 1970, hata miaka miwili haijatimia tangu goti liteguke, Akhwari alisimama tena kwenye mstari wa maratoni katika Michezo ya Jumuiya ya Madola. Ron Hill wa Uingereza alishinda kwa saa 2:09:28. Akhwari alikuwa wa tano, kwa saa 2:15:05. Tulichukua karatasi tukapiga hesabu: ni kama dakika tatu na sekunde 12 kwa kila kilometa, kilometa 42 mfululizo. Mtoto alijaribu mwendo huo mtaani kwa kilometa moja. Alirudi baada ya dakika sita na nusu, hana la kusema.

Wapo wanaodai kwamba vilima vyetu ndivyo vinavyozaa wakimbiaji. Sikubali sana. Ingekuwa hivyo, nami ningekuwa bingwa, kumbe hupanda ngazi za ofisini nikihema. Vilima humpa mtu mapafu. Lakini kuamka alfajiri, siku baada ya siku, bila mtazamaji hata mmoja, hakuna kilima kimfanyiacho mtu kazi hiyo.

Walioamka walikuwapo. Mwaka 1974, huko Christchurch, Filbert Bayi, mzaliwa wa Karatu, iliyokuwa bado sehemu ya wilaya ya Mbulu, alishinda meta 1,500 kwa dakika 3:32.16 na kuvunja rekodi ya dunia. Mwaka 1978, Gidamis Shahanga wa Hanang alishinda maratoni ya Jumuiya ya Madola mjini Edmonton, michezo ile ile ambayo Akhwari alikuwa wa tano miaka minane kabla. Mwaka 1982, huko Brisbane, Shahanga alitwaa dhahabu ya meta 10,000, na nyuma yake akaja Mtanzania mwenzake, Zakaria Barie.

Akhwari alitunukiwa nishani ya taifa mwaka 1983, na mwaka 2008 alikuwa miongoni mwa waliobeba mwenge wa Olimpiki ulipopita Dar es Salaam. Mwanangu ameninyang'anya ile karatasi ya hesabu. Ameibandika ukutani juu ya kitanda chake, nayo imeandikwa kwa kalamu nyekundu: Edinburgh, 2:15:05.