Nilidhani Nimefukia Vizuri

Nilikaa miezi minane bila kumwambia mama kwamba nimeacha chuo. Akipiga simu, najibu, "Masomo yako sawa." Wakati huo niko Kayole, chumba kimoja, naandikia watu makala kwa laptopu iliyokosa herufi mbili.

Kibarua kimoja kilitaka nieleze jinsi bomu la nyuklia lililojaribiwa kisiri chini ya ardhi linavyogunduliwa. Mitetemo niliijua, hata hapa Kenya, Kilimambogo, kuna kituo kinachosikiliza ardhi kwa kazi hiyo. Lakini mtetemo unakwambia tu kitu kimelipuka. Haukwambii ni nyuklia. Anayesema ni gesi: zenoni.

Zenoni haishikani na kitu. Mvua haiioshi. Inapenya kwenye nyufa za mwamba pole pole mpaka itoke nje. Korea Kaskazini ilijaribu bomu Oktoba 9, 2006. Kama wiki mbili baadaye, kituo cha Yellowknife, Kanada, zaidi ya kilomita 7,000 kutoka hapo, kikainasa.

Mashine huvuta hewa kwa saa kadhaa na kuipitisha kwenye mkaa maalum unaoshika zenoni, kisha vihisi huhesabu atomu zinazovunjika. Kiwango chenyewe ni kidogo ajabu: milibekereli 1 kwa mita moja ya ujazo. Chukua lile tangi la lita 1,000 juu ya ploti yenu, lijaze hewa. Humo ndani atomu moja itavunjika kila baada ya dakika 17 hivi. Basi. Na usichelewe, maana zenoni-133 hupungua nusu kila baada ya siku 5 na kitu. Tena viwanda vinavyotengeneza dawa za mionzi za hospitali hutoa gesi hiyo hiyo, kwa hivyo lazima ujue upepo umetoka wapi.

Nilituma makala, nikalipwa. Wiki hiyo mama akapiga. Hakuuliza masomo.

"Mbona kila nikipiga nasikia makanga wakiita 'tao, tao'? Si chuo chenu kiko mashambani?"

Nikanyamaza.

"Na tangu Machi hujaniomba pesa ya mtihani."

Nikamwambia yote. Nilingoja kelele, haikuja.

"Nilijua," akasema. "Nilikuwa nangoja uniambie mwenyewe. Umekula?"