Herufi Iliyovaa Nguo ya Mwenzake

Mwalimu aliingia na CD mbili, amezifunga kwenye gazeti. Mimi kazi yangu ni kupanga kurasa na kuchapa, katika chumba kidogo jirani na Soko Kuu hapa Arusha: kadi za harusi, ratiba za ibada, mara mojamoja kitabu. Yeye ni mwalimu mstaafu wa Ng'iresi, kule juu kwenye mteremko wa Mlima Meru.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Nimekuletea wazee wangu."

Wazee wenyewe walikuwa methali na majina ya miti kwa Kimaa cha Waarusha, alivyovikusanya miaka na miaka, kila mstari na tafsiri yake ya Kiswahili chini. Mpwa wake ndiye aliyemchapia, mwishoni mwa miaka ya tisini, kwa fonti maalumu. Kimaa kina irabu tisa, na kibodi yetu ina tano. Wanaokiandika kitaalamu huongeza herufi kama ɛ na ɔ, na ŋ kwa sauti ile ya ng'ombe. Fonti hiyo ilikuwa kwenye CD ya pili, aina ya Type 1. Programu yangu mpya ikaikataa.

Nilifurahi, sifichi. Fonti ndiyo starehe yangu.

Watu wengi hudhani ndani ya fonti kuna picha za herufi. Hakuna. Kuna mistari ya ukingo tu. Ukitaka kuchora Meru kama unavyouona kutoka mjini, huna haja ya kuchora kila jiwe: weka nukta chache, chini, begani, kileleni, kisha eleza mstari upinde vipi kati ya nukta na nukta. Kompyuta inajaza iliyobaki. Ndiyo maana herufi ileile hukaa vizuri kwenye kadi na kwenye bango, kwa sababu kila ukubwa unakokotolewa upya.

Tatizo ni kwamba mafundi hawakukubaliana namna ya kueleza mpindo. Type 1, iliyoletwa na Adobe mwaka 1984, huvuta kila mpindo kwa nukta mbili za pembeni. TrueType, iliyotoka Apple mwaka 1991, huvuta kwa nukta moja. Kutoka TrueType kwenda mipindo ya Type 1 hesabu hutoka kamili. Kurudi ndiko kwenye kazi: unakadiria, unaongeza nukta, kama fundi anayeshona mviringo kwa vipande vifupi. Hata vipimo ni tofauti, moja hugawa uwanja wa herufi sehemu 1,000, nyingine mara nyingi 2,048.

Nilimaliza kwa mchana mmoja, kwa FontForge, ambayo ni ya bure. Nikaikuza ŋ ikajaa skrini, nikakagua mkia wake pindo kwa pindo. Safi kabisa. Nikachapa nakala za kwanza. Mwalimu akapitisha kidole juu ya mistari, akasema, "Hawa ndio wenyewe." Nikamtumia mjukuu wake faili kwa WhatsApp, yuko Dodoma, nikajiona bingwa.

Siku ya tatu Mwalimu alirudi na simu mkononi.

"Mwanangu, mbona huku kwenye simu wazee wangu wanapiga kelele katikati ya maneno?"

Nikatazama. *Ɛnkaŋ*, yaani boma, lilikuwa limeandikwa *EnkaN*. Ukurasa mzima hivyo hivyo.

Hapo ndipo nilipoelewa nilichokuwa nimekifanya. Kompyuta haijui herufi kwa sura, inaijua kwa namba. Aliyetengeneza fonti ile alikuwa na nafasi chache, kwa hiyo alifuta umbo la N kubwa na kuchora ŋ palepale, akabaki na jina na namba ya N. Ndani ya faili la Mwalimu hapakuwahi kuwa na ŋ hata moja. Zilikuwa N zilizovaa nguo ya mwenzake. Mimi nilihamisha nguo kwa uangalifu wote. Simu isiyo na fonti ile ilizivua, basi.

Dawa ilikuwepo: Unicode, iliyoanza kutolewa mwaka 1991, inaipa kila herufi namba yake mwenyewe, na ŋ inayo. Nikataka kubadilisha kila N mara moja. Bahati nzuri nilijaribu kwanza ukurasa mmoja, na Ngorongoro ya kwenye tafsiri ikageuka ŋgorongoro. Mistari ya Kiswahili ilikuwa na N za kweli! Ikabidi nibadilishe tu maneno yaliyoandikwa kwa fonti ya zamani. Lakini kurasa kumi na moja mpwa alikuwa amezihifadhi kama maandishi matupu, bila kumbukumbu ya fonti. Hapo hakuna programu ya kukusaidia.

Mwalimu akasaidia. Jioni tatu alikaa kwenye stuli, akasoma kwa sauti, mimi nikasahihisha herufi moja moja. Mahali fulani alinyamaza, akarudia neno mara nne, akasema, "Hili nilimsikia mama." Sikumuuliza zaidi.

Nafikiria sana jambo hilo. Mpwa angekuwa amechelewa kidogo tu kuchapa, au mimi kukutana na Mwalimu, kurasa zile zingekuwepo, nzuri machoni, na hakuna mtu wa kusema N ipi ni N. Na tusiwacheke. Kiswahili chetu nacho kina ng', na alama ile ya juu inaweza kuwa namba tatu tofauti, iliyonyooka, iliyopinda, na ile ambayo Unicode inaihesabu kuwa herufi. Machoni ni moja. Tafuta ng'ombe kwenye faili lako refu uone kama wote watarudi zizini.

Tulipomaliza nilimpa simu. Akaandika *ɛnkaŋ* polepole, kwa kibodi niliyomwekea, akabonyeza kutafuta. Maboma yakaanza kujitokeza, moja baada ya jingine, yamekolezwa njano.

"Kumbe yalikuwepo," akasema.

Sikuwa na moyo wa kumwambia kwamba hayakuwepo.