Shaba Iliyomo Mwilini

Mtu wa Katanga hana haja ya kufundishwa shaba ni nini. Tangu mamia ya miaka wazee wetu waliyeyusha mawe ya kijani wakafanya misalaba ya shaba. Mwaka 1926 Mbenedikto Jean-Félix de Hemptinne, ambaye baadaye akawa Askofu, aliandika habari za mafundi hao walioitwa “wala shaba”. Wao waliila kwa maana ya kupata mali. Lakini sisi sote twaila kweli, kila siku: imo katika maharagwe, karanga, uyoga, na zaidi katika maini. Mwili wa mtu mzima una miligramu 100 hivi tu, nao hauwezi kuishi pasipo hizo.

Shaba inayozidi hutolewa na ini, hupita pamoja na nyongo na kutoka chooni. Sisi wa Piana-Mwanga, ambako maji ya Luvua yaliendesha mtambo wa umeme wa migodi ya Manono, tutaelewa upesi: mlango wa kutolea maji ukikwama, bwawa hufurika hata mvua isipozidi. Ndivyo yanavyowapata watu wachache, yapata mmoja katika 30,000, waliozaliwa na ugonjwa wa Wilson. Shaba hujaa katika ini, kisha huingia katika ubongo.

Jina hilo ni la daktari Samuel Alexander Kinnier Wilson, aliyeueleza huko London mwaka 1912. Mara nyingi hujitokeza kati ya umri wa miaka 5 na 35. Mmoja huvimba tumbo na kuwa na macho ya manjano. Mwingine hutetemeka mikono, ulimi humwia mzito, tabia hubadilika. Hata mwandiko uliokuwa safi huharibika, na mwalimu mwenye haraka huuita uvivu. Majirani nao husema kijana ni mlevi, au amelogwa, na bibi kizee fulani huanza kuonyeshwa kidole. Kumbe daktari akitazama jicho, huenda akaona pembeni mwa kioo chake pete ya rangi ya kahawia au ya kijani. Hiyo ni shaba.

Hakuna aliyeroga. Mtoto huugua akirithi kasoro moja kwa baba na moja kwa mama, nao wenyewe ni wazima. Basi mume anayemrudisha mke kwao kwa kuwa “ukoo wake una maradhi” amdhulumu: nusu ya kasoro ilitoka kwake. Katika Injili ya Yohane, sura ya 9, wanafunzi walitafuta dhambi ya nani iliyompofusha yule mtu, na Bwana hakuwakubalia.

Dawa ipo. Mwaka 1955 daktari Mwingereza John Walshe, akiwa Boston, alikumbuka kitu alichokiona zamani katika mkojo wa wagonjwa waliopewa penisilini. Kinaitwa penisilamini, hushika shaba na kuitoa kwa mkojo. Alikimeza kwanza yeye mwenyewe, ndipo akampa mgonjwa. Baadaye zikapatikana trientini, na zinki inayozuia shaba tumboni isiingie katika damu. Mgonjwa hujiepusha pia na maini, wala chakula chake kisipikwe katika chungu cha shaba.

Hatari kubwa huja mgonjwa akipata nafuu. Mikono imetulia, amerudi shambani, na jamaa wanasema sala zimejibiwa, vidonge vya nini tena? Sala ziendelee, na vidonge pia, maisha yote. Aliyeviacha aweza kuharibika ini na kufa katika miezi michache. Hata mama mwenye mimba haachi. Daktari ndiye ampimiaye kiasi.

Na mmoja akigunduliwa, wazazi wawapeleke ndugu zake wote wa tumbo moja wakapimwe damu na mkojo, hata wanaocheza mpira kwa nguvu. Kila mmoja wao ana nafasi 1 katika 4 ya kuwa nao, na akianza dawa mapema aweza asiugue kamwe.