Jina la Ugonjwa wa Baba Mdogo

Baba yangu mdogo alikuwa mwalimu mstaafu, na hapa Ijuganyondo alifahamika kwa mambo mawili: kibanja chake cha migomba kisichoota magugu, na tabia yake ya kutaka kila kitu kiitwe kwa jina lake. Macho yake yalipogeuka manjano, hakuuliza kama atapona. Aliuliza: "Mwanangu, wewe uliyesoma, huu ugonjwa unaitwaje?"

Sikuwa na jibu. Mimi nimesomea siasa. Kwa miezi minne alipewa majina mengi. Zahanati moja ilisema malaria, nyingine ini, mganga wa mitishamba akasema ni mkono wa mtu. Kila jina lilikuja na dawa yake na bei yake, nasi tukauza kahawa ingali mtini. Yeye alizidi kukonda, ngozi ikimwasha usiku kucha.

Hatimaye tulipata rufaa ya Mwanza. Enzi hizo daraja la Kigongo–Busisi lilikuwa halijakamilika. Tulisubiri kivuko, mgonjwa ameegemea bega langu. Picha ya CT ilionyesha uvimbe kwenye kichwa cha kongosho. Daktari, kijana mpole, alituchorea kwenye karatasi: kongosho limejificha nyuma ya tumbo la chakula, na uvimbe wake ukibana mfereji wa nyongo, macho hugeuka manjano, mara nyingi bila maumivu. Kisha akachora mrija mwembamba wenye kamera na altrasaundi ndogo kwenye ncha. Hupitishwa mdomoni hadi tumboni, na kutoka hapo uvimbe huwa upande wa pili wa ukuta tu. Sindano hupenya ukuta huo ikiongozwa na picha na kuchukua seli za kupimwa. Kwa njia hiyo hiyo huweza kuzibuliwa mkondo wa nyongo, au kutulizwa mishipa ya fahamu inayobeba maumivu.

"Kifaa hicho hapa hatuna, mzee," alisema.

Baadaye nilisoma. Ripoti za kwanza za altrasaundi ya namna hiyo zilitoka mwaka 1980, Marekani na Ujerumani. Mwaka 1992 Peter Vilmann na wenzake wa Denmark walieleza jinsi ya kuongoza sindano kwa kifaa hicho. Baba mdogo aliugua zaidi ya miaka 20 baadaye.

Sidai kwamba mashine ingemponya. Saratani ya kongosho ni katili hata mbele ya hospitali tajiri, kwa kuwa upasuaji husaidia pale tu inapogunduliwa mapema. Wala sidai kwamba kila mkoa ununuliwe mashine kesho, kwani bila mtaalamu wa patholojia wa kusoma seli, fundi na sindano za kutosha, mashine hugeuka pambo la siku ya uzinduzi. Miezi yetu minne haikupotelea Mwanza. Ilipotelea katika vyumba ambavyo mtu mzima mwenye macho ya manjano alipewa dawa bila kupimwa, ilhali altrasaundi ya kawaida ya tumbo huweza kuonyesha mifereji ya nyongo iliyotanuka. Sera ya saratani huanzia hapo, kwa mhudumu anayejua ni lini aache kutibu na aandike rufaa.

Alifia nyumbani, akazikwa kibanjani. Kwenye karatasi ya sababu ya kifo yaliandikwa maneno matatu: "maradhi ya tumbo". Ndugu zangu watumishi wa umma, someni tena maneno hayo. Bajeti hupangwa kwa hesabu, na katika hesabu hiyo baba yangu mdogo hakufa kwa saratani. Wapo wangapi kama yeye katika vibanja vya Bukoba na Muleba, ambao hawatahesabiwa wakati wa kuamua nani asomeshwe na kifaa gani kinunuliwe?

Daraja lilifunguliwa mwaka 2025, na sasa basi halisubiri kivuko. Njia ya kutoka kwenye macho ya manjano hadi kwenye jina la ugonjwa ndiyo ambayo bado hatujaijenga. Mwalimu yule aliuliza swali moja tu, naye alistahili kujibiwa.